Tutatwanga

Swali la saba kwenye fomu ya kuombea fedha lilikuwa fupi kuliko yote.

"Tukisema hapana, mtafanya nini?"

Ilikuwa baada ya isha. Nimekaa barazani kwa Bi Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kina mama wakulima wa mwani, kompyuta mapajani, waya wa chaji umepitia dirishani. Yeye yuko mkekani na rundo la taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, anafungua mafundo ya kamba za zamani ili zifae tena bamvua lijalo, maji yatakapotoka mbali. Maswali sita ya mwanzo tulikuwa tumeshayamaliza: sisi ni nani, tuko wangapi, tunaomba nini, kwa kiasi gani, nani atashika fedha, tutajuaje kama zimefaa. Nikamsomea la saba kwa Kiswahili.

Hakunyanyua kichwa.

"Tutatwanga," akasema.

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Alikuwa ameshashika fundo jingine, na kwa upande wake swali lilikuwa limekwisha.

Kwangu halikwisha. Wiki ya sita hii ninalala nalo na kuamka nalo.

## Tulichokuwa tukiomba

Mnaonisoma siku zote mnakijua kikundi chetu, kwa hiyo sitarudia historia. Niseme tu kwamba mwani unaostawi bila ya taabu kwenye maji yetu mafupi ni spinosamu, na huo ndio wa bei ya chini. Kotonii, wenye bei, umekuwa ukifa kadiri bahari inavyozidi kupata joto. Mama yangu alianza kulima mwaka 1991, miaka miwili tu baada ya kilimo cha kuuza kuanza Paje na Jambiani, huku kwetu Unguja, na bado anaweza kukuonyesha kwa kidole mahali alipokuwa akivuna kotonii ya kujaza gunia, ambapo leo haioti tena.

Spinosamu mkavu ukimuuzia mnunuzi kwa kilo, hauachi kitu cha maana mkononi. Ukisagwa ukawa unga, ukaingia kwenye sabuni pamoja na mafuta ya nazi na ya karafuu, hapo mambo hubadilika. Kazi iko kwenye huo unga. Tunautoa kwa kinu na mchi. Kwa hiyo tuliomba mashine moja ya kusagia, chekecheke mbili za waya usioshika kutu, na malipo ya fundi umeme. Jumla dola 5,800.

Tuliowaomba ni taasisi ndogo ya hisani ya familia moja huko Marekani. Fomu yao ni ukurasa mmoja, maswali tisa.

## Visahani

Miaka ya nyuma sikuwa nikihangaika na taasisi za namna hiyo. Nilikimbilia matangazo makubwa, yale ya andiko la kurasa 40, jedwali la viashiria na bajeti ya miaka mitatu, na mara zote tuliingia kama mkia wa shirika la mjini. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huohuo USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa, kazi zilizosalia zikahamia Wizara yao ya Mambo ya Nje. Shirika tuliloambatana nalo likapunguza watu, halafu likarudisha funguo za ofisi. Fedha ile hatukuwahi kuishika kwa mikono yetu, lakini ilipokatika tulijua.

Sasa kila aliyekuwa akila kwenye sinia kubwa amegeukia visahani.

Na visahani havikuongezeka.

Ndiyo maana nataka kueleza kwa kirefu kidogo jambo ambalo laiti ningeambiwa mapema, kwa sababu najua wengi wenu mko kwenye foleni hii hii.

## Soma kabla ya kubisha hodi

Taasisi binafsi ya hisani ya Marekani, hata ile inayoendeshwa na ndugu wawili kwenye meza ya jikoni kwao, kila mwaka hujaza fomu inayoitwa 990-PF na kuipeleka mamlaka ya kodi. Fomu hiyo si siri. Unaweza kuisoma bure mtandaoni. Mimi huzisomea kwenye tovuti ya ProPublica. Ni ndefu, imejaa visanduku, na mara ya kwanza nilihisi nimefungua kabati la mtu bila ya ruhusa yake. Lakini imewekwa wazi kwa makusudi. Mali iliyosamehewa kodi kwa ajili ya hisani inatakiwa ionekane inakwenda wapi.

Ukurasa wa kwanza unakupa thamani ya mali yao. Sheria, iliyoanza na mageuzi ya kodi ya mwaka 1969, inawalazimisha watoe kila mwaka kiasi cha asilimia 5 ya thamani ya vitega uchumi vyao. Hesabu yake ni ya skuli ya msingi. Mwenye dola milioni 2 anatakiwa atoe kama laki moja kwa mwaka, na katika laki hiyo zinaweza kuhesabiwa baadhi ya gharama zake za kuendesha kazi. Mtu wa namna hiyo ana waombaji kadhaa wa kuwagawia. Hawezi kukupa wewe nusu ya kapu.

Niliwahi kumwomba mtu kama huyo dola 48,000. Sikupata hata jibu, na kwa muda mrefu nilimlaumu kimoyomoyo kwa utovu wa adabu. Siku nilipoisoma fomu yake nikaona kwamba ruzuku kubwa kuliko zote alizotoa mwaka ule ilikuwa dola 7,500.

Endelea mbele, utakuta majina ya wadhamini na saa wanazotoa kwa wiki. Hawa tuliowaandikia ni watatu, wote wa ukoo mmoja, saa mbili kwa wiki kila mmoja, malipo sifuri. Hakuna afisa miradi, hakuna karani. Barua yako inafunguliwa na mtu aliyerudi kazini, pengine bado hajala.

Halafu kuna orodha ya waliopewa, mmoja mmoja, na kiasi cha kila mmoja. Hapo ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Orodha ile inakwambia mengi kuliko ukurasa wao wa maono na dhamira. Ukiona mwaka baada ya mwaka wanatoa dola 3,000 kwa maktaba ya mji wao, 5,000 kwa jiko la kulisha wasiojiweza, na mara moja moja 4,000 kwa kisima mahali fulani Uganda, unaanza kuuona moyo wa mtu.

Na usikipite kile kisanduku kidogo kuelekea mwisho. Kikitiwa alama, maana yake ni kwamba taasisi inawapa wale tu iliokwisha kuwachagua yenyewe na haipokei maombi yasiyoalikwa. Nilipitia taasisi 14. Kwa 9 kisanduku kilikuwa na alama. Hao usiwaandikie, utaumia bure na wao utawachosha. Lakini orodha yao isome, kwa sababu huenda humo limo shirika linalofanya kazi pwani yetu, na shirika hilo unaweza kulibishia hodi.

Jambo moja zaidi. Taasisi ya Marekani ikitaka kumpa moja kwa moja kikundi cha nje kisichotambuliwa na sheria zao, kwa kawaida inabeba mzigo wa ziada: ichunguze kabla, iweke makubaliano ya maandishi, ifuatilie matumizi, ipokee ripoti, na yenyewe iripoti kwa mamlaka ya kodi. Wengine hutafuta njia nyingine, ya kuthibitisha kwamba kikundi ni sawa na taasisi ya hisani ya kwao, na hiyo nayo ina makaratasi na gharama. Wengi wadogo wanaogopa na kupitishia fedha kwa mashirika ya kati. Nilipolielewa hilo, yale maombi ya "katiba yenu, hati ya usajili, akaunti yenye saini mbili" yakaacha kunikera. Mtu mwenye saa mbili kwa wiki anayekubali kujaza makaratasi yote hayo kwa ajili ya wakulima wa mwani amekwisha kutoa kitu hata kabla ya kutoa senti.

## Kumbe wakfu

Nilipomweleza Bi Mwenyekiti haya yote, kwamba kuna mali iliyowekwa, haitumiki yenyewe, yanatumika mapato yake, na wapo wasimamizi, alinitazama kama mtu aliyezungushwa njia ndefu kufika nyumba ya jirani.

"Si wakfu huo, mwanangu?"

Kwetu minazi ya msikiti inajulikana. Aliyeiweka alikufa kabla bibi yangu hajazaliwa. Haiuzwi, haigawanywi mirathi. Zinaangushwa nazi, zinanunuliwa mikeka. Hakuna mtoto wa kijiji asiyeijua sheria hiyo hata kama hajaisoma popote. Mimi nilikuwa nimehangaika wiki mbili na istilahi za Kiingereza kwa kitu nilichokulia chini ya kivuli chake.

Tofauti zipo. Wakfu wetu haulazimishwi na mtu wa kodi kutoa asilimia fulani kila mwaka, na hawa wa Marekani wanaweza wakiamua kugawa chote na kufunga. Lakini swali alilouliza baadaye ndilo lililoniongoza kuliko kitu chochote nilichosoma.

"Aliyeweka ni nani, na alinuia nini?"

Sikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nimeangalia mali, viwango, tarehe. Nikarudi kutafuta, nikakuta kwamba mwekaji alikuwa mwanamke aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi katika mji mdogo, na katika mistari mitatu ya maelezo yao wanasema alipenda kuwapa watu zana. Wamesema zana. Neno mafunzo halimo, wala uhamasishaji.

Nusu ya andiko langu la kwanza ilikuwa warsha. Nikaifuta.

## Yule asiye na sauti

Sasa nifike kwenye kilichokuwa kikiniwasha.

Miaka mitatu iliyopita tulipata fedha kutoka kwa mfadhili mwingine. Andiko nililiandika mimi, usiku mmoja, kwa Kiingereza cha kuvaliwa kwenda nacho harusini. Niliandika kwamba wanachama wetu ni wanawake maskini wasio na sauti, waliosahauliwa, ambao bila ya msaada huo hawana njia yoyote. Nilijua sentensi hizo zinatakiwa. Nilizisoma kwenye maandiko ya wenzangu waliofanikiwa, nikajifunza kuzipanga.

Tukapata.

Siku ya makabidhiano walikuja wageni, sheha akaja, vikakodiwa viti vya plastiki. Mmoja wa wageni alisoma kipande cha andiko letu kwa Kiswahili, kutuonyesha jinsi lilivyowagusa. Alisoma kwa hisia. Kina mama wamekaa mbele na sare yao ya kanga. Nikamwona mama yangu anasikiliza kwa makini, kama anayepewa habari za kijiji kingine.

Usiku, wakati wa kula, akaniuliza: "Yule asiye na sauti, ni nani katika sisi?"

Nikamwambia ndivyo wanavyotaka kusikia.

Akatafuna kwanza, akameza. "Mimi nimekusomesha kwa mwani mpaka ukajua kuandika. Hilo uliandika?"

Sikuliandika.

Hakurudia tena kulitaja, wala hakuninunia. Lakini tangu siku ile, kila nikifungua ukurasa mtupu wa kuomba fedha, yupo mtu mlangoni ananitazama.

Sisemi kwamba umaskini ni uongo. Kwenda majini alfajiri na kurudi na miguu iliyochanwa na miba ya shokwe ni kweli. Kuuza kwa bei aliyoitaja mnunuzi ni kweli. Nilichokosa ni kwamba nilichukua upande mmoja wa mtu nikauuza kama mzima, na mtu mwenyewe ni mama yangu.

Na bado fedha zilikuja. Hilo ndilo gumu. Laiti zisingekuja, ningejifunza kwa urahisi.

## Mizani

Basi usiku ule, barazani, swali la saba liliponitazama, mkono wangu ulijua njia. Niliandika jibu la kwanza: bila ya mashine hii kikundi kitavunjika. Nikalifuta. La pili: bila ya mashine hii kina mama 27 watapoteza chanzo chao pekee cha kipato. Nalo si kweli. Wengine wanasuka ukili, wengine wana vibanda vya chapati, wawili wana waume mabaharia. Nikalifuta.

Lakini na "tutatwanga" nililiogopa.

Nilijiweka kwenye meza ile ya jikoni. Mbele yangu zipo barua tano, moja ya watu wanaosema mtoto hatapona wasipopata, na nyingine ya watu wanaosema, sawa, msipotupa tutaendelea. Ningempa nani? Na nikienda mbali zaidi: pengine wale wengine ndio wanaostahili kweli. Nilikaa na wazo hilo siku kadhaa, na sikupenda lilikonipeleka. Mwomba chumvi huombea chungu chake, tunasema. Ni haki yangu kukitetea chungu changu. Lakini je, ni haki yangu kusema chungu cha jirani kina chumvi ya kutosha? Kila ninapokuza shida yetu kupita kimo chake, ndicho ninachofanya bila ya kumtaja jirani.

Kilichonifungua macho kilitokea sokoni, kwa maana ya pale mnunuzi anapopima.

Nilikwenda na kina mama kuuza. Ipo mizani ya kuning'iniza, na upo ugomvi wa kila siku kuhusu mizani hiyo. Bi Mwenyekiti huja na jiwe lake. Analijua uzito wake tangu zamani, kilo mbili kamili, na kabla ya gunia lolote kupanda, jiwe linapanda kwanza. Sindano ikisoma pungufu, hauzi mtu. Nimemwona akilitundika jiwe lile tangu nina miaka saba.

Siku hiyo nikalitazama nikaona aibu.

Wadhamini watatu wenye saa mbili kwa wiki hawana jiwe. Hawawezi kuja. Mizani yao ni barua yangu. Hawana namna ya kupima shida ya huku na shida ya Uganda na ya maktaba ya mji wao ila kwa maneno tunayowapelekea, nami kwa miaka nimekuwa nikiegemeza kidole upande wangu. Sisi ambao tumesomeshwa sura nzima ya Kurani juu ya wanaopunja vipimo. Kina mama wale wale wanaomgombeza mnunuzi kwa gramu mia mbili, mimi mwandishi wao nilikuwa nikiwapunja watu kwa jina lao.

Kuamua nani apewe ni kazi ya wenye wakfu. Kazi yangu ni uzito wangu usome kamili. Nikikosa kwa uzito wa haki, nimekosa.

Nayaandika haya na bado tumbo linanisokota, kwa sababu dola 5,800 ni fedha nyingi kwetu.

## Kaushio

Lipo jambo jingine lililokuwa limejificha ndani ya swali, na sikuliona mpaka nilipopita nyuma ya nyumba ya kikundi.

Kwa zile fedha za miaka mitatu iliyopita tulijenga kaushio la jua: fremu ya mbao, plastiki ya kupitisha mwanga, vichanja ndani. Lilikuwa zuri. Mwani ulikauka safi bila ya mchanga wala kinyesi cha kuku. Kusi la kwanza lilivumilia. Kusi la pili plastiki ikachanika kuanzia pembeni, na kwenye bajeti hakukuwa na plastiki ya pili, kwa sababu mimi sikuiweka. Mradi ulikuwa umeshafungwa, ripoti ya mwisho ina picha ya kaushio jipya. Leo fremu ile inaanikiwa nguo.

Kina mama walifanya nini? Walirudi kuanika kwenye makuti na vyandarua vya zamani, wakaendelea. Hakuna aliyeitisha mkutano wa dharura.

Kwa hiyo swali la saba tulikuwa tumeshalijibu kwa vitendo, siku mfadhili alipoondoka. Nikaanza kufikiri kwamba huenda yule mwenye kuuliza hakuwa akitafuta kilio. Huenda alitaka kujua kama chini ya mashine yake kuna kitu kilichosimama tayari. Mtu wa ukoo wa wauza zana angeuliza hivyo. Anayenunua nyundo ana kitu anachokijenga, na asipopata nyundo atatafuta jiwe.

Sina hakika. Sikumuuliza. Lakini fikra hiyo ilinipa ujasiri wa kuandika.

## Nilichoandika

Nilimsomea Bi Mwenyekiti kabla ya kutuma, kisha mama, kwa Kiswahili, neno kwa neno:

"Tutatwanga kwa kinu kama tunavyofanya sasa. Sabuni itakuwa ile ile, ila chache. Wanaotwanga ni saba, na watatu wamepita miaka 55 na mabega yao yanauma. Hao ndio watakaoacha kwanza. Kikundi hakitafungwa."

Mama akataka niongeze kwamba zamani tulipewa kaushio likaharibika. Nikashtuka. Nikamwambia, mama, hilo litatuangusha. Akasema, "Wataliona siku wakija." Nikamwambia hawatakuja. Akanitazama tu.

Nikaliongeza. Mstari mmoja kuhusu plastiki, na mstari wa pili kwamba safari hii katika dola 5,800 zimo mikanda miwili ya akiba na fedha ya fundi ya mwaka mmoja. Ilibidi nipunguze bei ya chekecheke ili ziingie.

Nikatuma usiku. Mtandao ulikatika mara mbili.

## Maswali mawili

Wiki ya tano jibu likaja. Wadhamini wanakutana mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, kwa hiyo bado hakuna ndiyo wala hapana. Barua imeandikwa na mmoja wa mabinti wa yule mwenye duka. Anashukuru kwa habari ya kaushio. Anasema ndugu zake wameisoma mara mbili. Kisha ana maswali mawili. Fundi atakayeitengeneza mashine ikikwama ni nani, na tumeshazungumza naye? Na mtu mmoja, kwa kinu, anatoa kilo ngapi za unga uliochekechwa kwa saa?

La kwanza tulilimaliza siku ile ile. Fundi anakaa Makunduchi na alishaitazama picha ya mashine.

La pili hakuna aliyelijua. Zaidi ya miaka kumi ya kutwanga, hakuna aliyewahi kupima.

Jumamosi ilikuwa maji mafu, hakuna wa kwenda majini. Mama akatoa kinu uani, akajifunga kanga kiunoni. Nikawasha saa ya simu. Alitwanga mwendo wake wa siku zote, akipumzika pale anapopumzika, akinywa maji. Saa ilipotimia nikachukua unga nikaupandisha kwenye mizani ya kikundi.

"Shusha," akasema. "Hujachekecha."

Nikachekecha. Ilibaki kilo 1 na gramu 300. Nikaandika kwenye daftari, na moyoni nikafurahi, kwa sababu ni kidogo, na kidogo kinaitetea mashine.

Mama akaona nimefunga daftari.

"Mimi nina miaka 58," akasema. "Mwite na yule binti wa jirani."

"Mama, si wameuliza mtu mmoja?"

"Mwite."

Binti ana miaka 26 na mkono wa nguvu. Alitwanga saa nzima kama anayeshindana, tukachekecha, mama mwenyewe akalitundika kwanza jiwe aliloliazima kwa Bi Mwenyekiti, sindano ikasimama kwenye mbili kamili, ndipo unga ukapanda. Kilo 1 na gramu 900.

Nikaandika na hiyo, chini ya ile ya kwanza, na umri wa kila mmoja pembeni.

Mama aliinama juu ya bega langu akatazama ukurasa. Hajui Kiingereza, lakini tarakimu anazisoma.

"Na majina?"

Nikaandika majina.